Samaki mkubwa wa Mekong si zimwi, wala bwawa si mto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe maelezo mliyoyaweka wiki mbili zilizopita chini ya picha ya wavuvi sita waliosimama ndani ya maji hadi kiunoni, wamemkumbatia samaki aliyemzidi kila mmoja wao kwa urefu. Maelezo yenyewe yalikuwa sentensi tatu tu. Ya kwanza ilimwita samaki huyo zimwi la mto linalomeza watu, ya pili ikasema ni aina ya kambare wa Asia, na ya tatu ikatutoa wasiwasi kwamba, ijapokuwa amepungua mtoni, hatakwisha kwa kuwa anafugwa kwa wingi katika mabwawa. Ya pili ina ukweli wake. Ya kwanza na ya tatu si kweli, na hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana ni kosa ambalo nimelisikia hata kwa watu wa taaluma yangu, na madhara yake ni makubwa kuliko ya lile la zimwi.

Mimi ni mwalimu wa ufugaji wa samaki hapa Morogoro. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Thailand kwa mafunzo ya miezi minane, na huko nilimwona samaki huyu, si pichani, bali mbele yangu, kwa ukaribu wa kumfikia kwa mkono.

Jina lake la kisayansi ni Pangasianodon gigas, alilopewa na mtaalamu wa Kifaransa Pierre Chevey mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watu wa Thailand humwita pla buek, yaani samaki mkubwa kupita kiasi, na Wakambodia humwita trey reach, samaki wa kifalme. Hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani isipokuwa katika mto Mekong na matawi yake, mto unaoanzia nyanda za juu za Tibet na kupita China, Myanmar, Laos, Thailand, Kambodia na Vietnam kwa zaidi ya kilomita 4,300 kabla ya kumwaga maji baharini. Kambare wetu tunayemjua katika mito na mabwawa ya hapa ni ndugu yake wa mbali, kwa kuwa wote wawili hawana magamba, lakini ni wa ukoo mwingine kabisa, na anayedhani kwamba pla buek ni kambare wetu aliyekuzwa mara hamsini atakosea karibu kila jambo la maisha yake.

Kambare wetu ana kichwa kipana kilicholala, ndevu nane ndefu na mdomo usiochagua. Hula wadudu, vyura, samaki wadogo, hata wanawe mwenyewe akiwa na njaa. Pla buek aliyekomaa hana jino hata moja. Ndevu zake, ambazo huonekana vizuri angali mdogo, hufifia anavyokua hadi zikabaki kama alama tu. Macho yake yamekaa chini sana, karibu na pembe za mdomo, kiasi kwamba mtu anayemtazama kwa ubavu huona kama kichwa chake kimepachikwa juu chini. Akiwa mchanga ana meno na hula vijidudu vinavyoelea majini, na katika mabwawa ya kutotoleshea vifaranga huweza kutafunana wenyewe kwa wenyewe. Lakini hatua hiyo hupita upesi. Baada ya hapo chakula chake kikuu ni mwani wa maji baridi, ule utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe na miamba, ambao ukiusugua kwa dole gumba hutoka kama uzi. Kwa chakula hicho anaweza kufikisha kilo 150 hadi 200 ndani ya miaka sita hivi. Nimefundisha habari za lishe ya samaki kwa muda mrefu, na bado jambo hili hunishangaza kila ninapolieleza darasani: mmoja wa samaki wakubwa kuliko wote wa maji baridi duniani ni mla majani.

Samaki mkubwa kuliko wote wa aina hiyo waliopimwa kwa uhakika alivuliwa tarehe 1 Mei 2005 katika kijiji cha Haad Krai, wilaya ya Chiang Khong, kaskazini mwa Thailand. Alikuwa na urefu wa mita 2.7 na uzito wa kilo 293, yaani karibu sawa na magunia matatu ya mahindi. Maofisa wa uvuvi walitaka kumkamua mayai kwa ajili ya uzalishaji kisha arudishwe mtoni, lakini alikufa, na nyama yake ikaliwa. Kwa miaka 17 yeye ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza kwa uzito kati ya samaki wote wa maji baridi waliowekewa kumbukumbu, hadi Juni 2022 wavuvi wa Stung Treng, Kambodia, walipomnasa samaki aina ya taa wa maji baridi mwenye kilo 300 katika mto uleule wa Mekong.

Sasa hilo neno zimwi. Nadhani mwandishi wenu amechanganya habari mbili. Katika mito inayoshuka kutoka milima ya Himalaya, hasa mto Kali unaopita mpakani mwa India na Nepal, yuko samaki mwingine mkubwa wa kundi la kambare, wa jenasi ya Bagarius, mwenye meno makali na mwenye kula nyama, na huko zimewahi kuvuma habari kwamba amewavuta waogaji chini ya maji. Hata habari hizo hazijapata uthibitisho. Lakini kumhukumu pla buek kwa tuhuma za samaki wa mto mwingine, aliye mbali naye kwa mwendo wa nchi kadhaa, ni kumwonea.

Niliyemwona mimi alikuwa katika kituo kimoja cha kuzalishia vifaranga. Mlinzi wa mabwawa yale alikuwa mzee tuliyemwita Lung, neno ambalo watu wa huko hulitumia kwa heshima kama sisi tunavyomwita mtu baba mkubwa. Asubuhi moja alinichukua hadi kwenye bwawa la mwisho, akarusha vikombe viwili vya chakula cha vidonge. Kwanza walikuja sato, kwa vurugu na kelele zao za kawaida. Kisha wakatawanyika ghafla, maji yakavimba bila kurusha tone, na mgongo wa kijivu ukapanda polepole kama mtumbwi uliopinduliwa. Lung alinionyesha nipige magoti na kuzamisha mkono. Ngozi ilikuwa baridi na laini, ina ute mwepesi, kama kipande cha sabuni ya mche kilichosahauliwa ndani ya ndoo ya maji. Samaki hakushtuka. Alifungua mdomo, akavuta vidonge pamoja na maji, akaufunga, akashuka. Nilimuuliza Lung, kupitia kwa mwenzangu aliyekuwa akinitafsiria, samaki yule hutaga mayai mangapi kwa mwaka. Alicheka kwanza, halafu akasema kwa upole kwamba jike lile lilikuwa na miaka 19 bwawani na halijawahi kutaga lenyewe hata yai moja. Kila wanapohitaji vifaranga humdunga sindano ya homoni, kisha humkamua.

Jibu lile ndilo ninalotaka wasomaji wako walipate, kwa sababu ndilo linaloivunja sentensi yenu ya tatu. Samaki huyu anaweza kula bwawani, anaweza kunenepa bwawani, na anaweza kuishi humo miaka mingi, ila hawezi kukamilisha humo maisha yake. Wataalamu wa serikali ya Thailand walifaulu kwa mara ya kwanza kumzalisha kwa sindano mwaka 1983, wakitumia wazazi waliovuliwa mtoni, na tangu hapo vifaranga vingi vimepandikizwa katika mabwawa na malambo ya nchi hiyo. Ni kazi kubwa, nami ninawaheshimu walioifanya. Hata hivyo wazazi wa mwanzo walikuwa wachache, hivyo damu ya samaki waliofugwa ni ya familia chache. Na wengine wamechanganywa na samaki wa aina iliyo jirani, wakazaliwa machotara ambao wakitoroka kuingia mtoni huongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Kinachokosekana bwawani ni safari. Makazi ya pla buek hayawezi kuchorewa duara kwenye ramani ukasema anaishi hapa, kwa kuwa maji anayoyahitaji akiwa mchanga siyo anayoyahitaji akiwa mkubwa, na maji ya kulia siyo ya kutagia. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Tonle Sap, ziwa kubwa la Kambodia. Ziwa hilo limeunganishwa na Mekong kwa mto wenye urefu wa kilomita 120 hivi, unaokutana na Mekong katika jiji la Phnom Penh. Wakati wa kiangazi mto huo hutoa maji ziwani na kuyapeleka Mekong, kama mto mwingine wowote. Mvua kubwa zinapoanza, Mekong hufura na kuzidi kimo cha ziwa, na mkondo wa mto huo hugeuka ukarudi ulikotoka, ukaanza kulijaza ziwa. Eneo lililokuwa na kilomita za mraba 2,500 hivi huweza kufikia 15,000, misitu ya kando ya ziwa husimama ndani ya maji, na samaki wa kila aina huingia katikati ya miti kula na kukua. Mvua zikikatika, mkondo hugeuka tena, na samaki hutoka pamoja na maji.

Ni katika kutoka huko, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ambapo pla buek wengi wa Kambodia hunaswa, kwa sababu mtoni hutegwa nyavu kubwa zenye umbo la mfuko, ziitwazo dai, ambazo hazikulengwa yeye bali samaki wadogo wa kutengenezea kitoweo cha chumvi. Wanaopita salama huingia Mekong na kupanda kuelekea Kratie na Stung Treng, kwenye vilindi virefu vya mto ambamo samaki wakubwa hujihifadhi wakati maji yamepungua. Kaskazini, mpakani mwa Thailand na Laos, wavuvi wa Chiang Khong kwa vizazi vingi walimngoja Aprili na Mei alipokuwa akipanda kwenda kutaga mwanzoni mwa mvua. Walimvua kwa majarife marefu yaliyoachwa yachukuliwe na mkondo, na kabla ya msimu walichinja kuku na kuuomba ruhusa mzimu wa mto. Juu kidogo ya hapo kuna mawe na maporomoko ya Khon Pi Luang, ambako wenyeji na wanasayansi huamini ndiko anakotagia. Vijisamaki vikianguliwa havina nguvu ya kushindana na maji. Hubebwa na mkondo kwenda chini, hadi kwenye mabonde yaliyofurika ambako hupata chakula. Mto ukisimamishwa mahali popote katikati, vijisamaki hivyo huzama katika maji yaliyotulia na kufa kabla ya kufika.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuona jambo, ingawa si kwa makusudi: tunaliita bwawa lile tunalofugia samaki, na tunaliita bwawa lile lililojengwa kwa zege kuziba mto tupate umeme. Pla buek ameumizwa na yote mawili, la kwanza kwa kutupa matumaini ya uongo, la pili kwa kumfungia njia. China imejenga mfululizo wa mabwawa ya umeme katika sehemu ya juu ya mto. Laos ilianza kuendesha bwawa la Xayaburi, lenye uwezo wa megawati 1,285, Oktoba 2019, na lingine linajengwa karibu na Luang Prabang. Xayaburi lina njia maalumu ya kupitishia samaki, na waliolijenga wameisifu sana; mimi nimeshafuga samaki kiasi cha kutosha kujua kwamba njia inayompendeza samaki wa kilo mbili si lazima imfae wa kilo mia mbili, tena njia hiyo haiwasaidii watoto wanaoelea kurudi chini. Mabwawa hayo pia huzuia tope lenye rutuba, na hubadilisha saa ya mto. Samaki huyu husubiri maji yapande ndipo aondoke. Maji yakipanda Januari kwa sababu mtu amefungulia mitambo, na yakikosa kupanda Juni kwa sababu mtu ameyafungia, atajuaje?

Takwimu za Chiang Khong zinasema zenyewe. Mwaka 1990 walivuliwa samaki 69 wa aina hiyo. Miaka ya 2001, 2002 na 2003 hakuvuliwa hata mmoja. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, lilimweka mwaka 2003 katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na biashara yake ya kimataifa ilikwishapigwa marufuku tangu 1975 chini ya mkataba wa CITES. Wanaobaki nao wanazidi kuwa wadogo: watafiti walieleza mwaka 2024 kwamba wale wanaonaswa Kambodia wameshuka kutoka karibu kilo 180 hadi kilo 110 hivi katika muda wa miaka 25, kwa sababu wakubwa huvuliwa kwanza, na samaki anayekawia kupevuka huvuliwa kabla hajaacha mzao.

Pengine mwandishi wenu alisikia, na ni kweli, kwamba Vietnam inafuga samaki wa jamii hiyo kwa wingi mno na kuuza minofu yake iliyogandishwa katika nchi nyingi. Lakini huyo ni Pangasianodon hypophthalmus, ambaye Wavietnam humwita tra, ndugu wa karibu wa pla buek lakini mwenye umbo dogo zaidi na tabia nyepesi za kufugika. Kusema kwamba pla buek hatakwisha kwa kuwa tra wamejaa mabwawani ni sawa na kusema faru hawatakwisha kwa kuwa zizi la jirani limejaa ng'ombe.

Nisiache pia kusema kwamba sisi wafugaji tunahusika na mto ule kuliko tunavyodhani. Kambare wetu wa Afrika, Clarias gariepinus, alipelekwa Thailand na Vietnam kwa ajili ya ufugaji, akachanganywa na kambare wa kule, na leo chotara huyo ndiye anayeuzwa katika masoko mengi ya Thailand. Nilimla mwenyewe, amechomwa juu ya mkaa na kupakwa chumvi, nikaona fahari ya nyumbani. Baadaye niliona chotara hao wakitolewa kwenye nyavu zilizotegwa katika maji ya wazi, mahali wasipopaswa kuwapo, na fahari ile ikapungua.

Yapo mambo ya kutia moyo, na haki yanadai yaandikwe. Mwaka 2006 wavuvi wa Chiang Khong walikubali kuacha kumvua pla buek, uamuzi uliofungamanishwa na maadhimisho ya miaka 60 ya Mfalme Bhumibol katika kiti cha enzi. Hao ni watu waliokubali kuacha kazi ya baba zao. Februari 2020 serikali ya Thailand iliufuta mpango wa kulipua mawe na maporomoko ya mto ili meli kubwa zipite, baada ya wenyeji kuupinga kwa takriban miaka 20, na kwa uamuzi huo Khon Pi Luang ilisalimika. Mwaka huohuo Kambodia ilitangaza kwamba haitajenga mabwawa ya umeme katika Mekong yenyewe kwa miaka kumi. Na Desemba 2024, huko Kambodia, samaki sita wa aina hii walinaswa ndani ya siku tano, mmoja wao akiwa na kilo 131. Wote wakapimwa, wakavishwa alama na kuachiwa waendelee na safari.

Nakuomba basi, Ndugu Mhariri, uchapishe masahihisho mawili mafupi: kwamba samaki huyu hali watu wala samaki wenzake akishakomaa, na kwamba anayefugwa kwa wingi ni mwingine. Na kama picha ile itatumika tena, wasomaji waelekezwe watazame chini ya pezi la mgongoni, ambapo panaonekana kipande chembamba cha rangi ya machungwa kinachoning'inia. Hiyo ndiyo alama ya watafiti. Wale wavuvi sita waliomkumbatia walikuwa wanamsimamisha kwenye mkondo ili apate pumzi, kisha wamwachie.

Mwalimu wa ufugaji wa samaki,
Morogoro